Kuku Wote Wale na Nyongo Yangu Moja

Nyinyi mnaopika harusi hapa kambini Dzaleka siku hizi, nyinyi mnaopiga sufuria picha kabla hata haijachemka, nimesikia mnavyosema. Mnasema Mama Riziki kaacha kazi kwa sababu alipasuliwa tumbo. Naomba nisahihishe habari hiyo kabla haijafika Dowa Boma. Mimi nimeacha kupika kwa sababu nimegundua kula. Nilianza upishi nikiwa msichana wa kutumwa maji kule kwetu Kindu kabla hatujakimbia, nikauendeleza hapa kambini mpaka masizi yakaingia kwenye kucha yakakataa kutoka, na miaka yote hiyo sikuwahi kukaa kwenye mkeka wa harusi nikaletewa sahani. Sasa nakaa. Naletewa. Nikimaliza naomba tena, na hakuna anayenizuia, maana wote wanajua nilikotoka.

Nilikotoka ni huku: kwa miaka miwili sikuweza kumeza chakula nilichopika mwenyewe. Nilificha, nikadanganya, nikaharibu karamu ya watu. Nitawaambia yote, na mkitaka kucheka mcheke tu, mimi mwenyewe nimecheka mpaka nikashika mbavu, na mbavu zangu wakati ule zilikuwa hazifai kushikwa.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Salima, mpishi wa karamu kule Kindu, jikoni kwake si mbali na mto. Mwanamke mfupi, mpana, asiyepaza sauti. Siku yangu ya kwanza alinipa kuku kumi na wawili niwatoe matumbo. Nilikuwa na haraka, nataka sifa. Kwenye kuku wa nne nilivuta vibaya na ile nyongo, kile kifuko cha kijani kinachojificha nyuma ya ini, ikapasuka mkononi. Nikaosha upesi upesi, nikamchanganya kuku yule na wenzake, nikanyamaza.

Kosa langu ni kwamba sikujua desturi ya jikoni kwake. Kabla sufuria haijaenda kwa watu, mpishi anaifungua mwenyewe. Maana yake anasimama mbele ya wazee, anachota, anatafuna, anameza, na wao wanamtazama koo. Akishameza, msaidizi wake anamuuliza, "Imekosa nini?" na mpishi lazima ataje kitu. Chumvi, limau, dakika tano za moto, chochote kile. Hakuna chakula kisichokosa kitu, alisema Mama Salima, na mpishi anayesema hakikosi kitu huyo kazi imemwisha, akae na wageni.

Basi siku ile akachota, akatafuna, akameza, na macho yake yakaanza kunitafuta kati ya wasichana.

"Imekosa nini?" msaidizi akauliza.

"Imekosa akili ya huyu mutoto," akasema Mama Salima, akininyooshea mwiko.

Kuku wa nne nilimla peke yangu, mzima, hadi shingo. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu ya jikoni kwake: anayepasua nyongo anamla kuku. Uchungu ule ulikaa mdomoni siku mbili, na toka hapo sikupasua nyongo nyingine maisha yangu yote. Nanyi shikeni hili, maana nawaona mnavyonyofoa. Usivute nyongo yenyewe. Pitisha vidole viwili nyuma ya ini, itafute taratibu, kisha kata na kipande kidogo cha ini kilichoshikana nayo, vitoke pamoja. Utapoteza ini kidogo, lakini kuku atapona. Nasema atapona, ingawa kwa hali yake ni maneno tu.

Hapa Dzaleka msaidizi wangu alikuwa Mama Goreti, Mrundi wa milima ya Makamba, Mkatoliki wa rozari, mwenye mikono isiyochoka. Alikuja siku moja kunimenyea vitunguu, akaniita yaya, yaani dada mkubwa, na hakuondoka tena. Tuligombana juu ya jambo moja tu. Sombe, mboga hii ya majani ya muhogo, mimi naipika ya Kindu: majani yaliyotwangwa, mawese, pilipili, samaki, basi. Yeye anataka kutia unga wa karanga. Kila harusi ananiomba, kila harusi nakataa, na nikigeuka kidogo kuangalia wali, nasikia harufu ya karanga. Mlio vijana mnasaga sombe kwa mashine na kuitia vidonge vya supu, kwa hiyo ugomvi wetu mnauona mdogo. Kwetu ulikuwa mkubwa na ulitufurahisha sana.

Sasa ugonjwa. Ulianza siku ya pili ya Idi. Nilikula sombe yangu na bugali, ugali wetu wa Kindu, mawese yanang'aa juu, na baada ya muda kidogo kitu kikanibana chini ya mbavu za kulia, kikapanda hadi bega, kikanikunja. Nikatapika, nikalala, nikapona. Nikala tena, kikarudi. Chochote chenye mafuta kilikuwa kinaniita nikunjike: nyama, mayai, maandazi, na mawese kuliko vyote. Nikaanza kuishi kwa chai ya rangi, mkate mkavu na wali mweupe. Kitenge kilichokuwa kikinizunguka mara moja kikaanza kunizunguka mara mbili, na wanawake wakaniuliza dawa ya kupungua ni ipi, wanataka nao.

Ningesema. Lakini ningemwambia nani? Mpishi anayeogopa chakula chake, wewe ungempa harusi ya mwanao? Watu wangesema anajua alichoweka humo. Na sufuria ilikuwa lazima niifungue, mbele za watu, harusi baada ya harusi.

Hapo nikautumia ulimi wa Ramadhani. Waislamu wenzangu wanaujua: mwezi wa mfungo mpishi anaruhusiwa kuonja kwa ncha ya ulimi apate kujua chumvi, kisha anatema, hamezi. Nimepika futari miaka mingi, ulimi wangu ni hodari. Nikachukua ustadi huo wa ibada nikaufanya wa udanganyifu, Mungu anisamehe. Nilisimama mbele ya wazee, nikatia tonge mdomoni, nikatafuna vizuri, nikalisukumia shavuni, nikameza mate ili koo lionekane likicheza. Kisha nikaenda nyuma ya turubai kana kwamba nakwenda kuangalia moto, nikatema. Mama Goreti akiniuliza imekosa nini, nilikuwa na jibu moja, salama, ambalo halihitaji kumeza.

"Imekosa chumvi."

Miaka miwili kila sufuria ya Mama Riziki ilikosa chumvi, na kila mara ikaongezwa. Mnaokumbuka harusi za wakati ule, mnakumbuka pia jinsi mlivyokunywa maji.

Sasa sikilizeni ulimi wa Ramadhani unakosea wapi. Ncha ya ulimi inajua chumvi, sukari, limau. Mawese haiyajui. Mawese yaliyozeeka yanapita kwenye ulimi kwa adabu kabisa, yanafika kooni ndiyo yanatoa kucha. Mawese yetu yanakuja kwa madumu, safari ndefu, na kuna madumu yanayokaa juani wiki nzima. Dawa yake ni kumeza kidogo na kuhesabu mpaka kumi. Koo likikaa kimya, pika. Likikwaruzwa, rudisha dumu kwa mwenyewe, hata kama ni shemeji yako.

Mzee Sefu, mfanyabiashara wa nguo ambaye baba yake na baba yangu walikuwa majirani Kindu, alikuwa anamwoza binti yake wa kwanza. Sufuria tatu za sombe. Dumu jipya la mawese. Nikayaonja kwa ncha ya ulimi, nikaona yako sawa. Nikaifungua sufuria mbele ya mzee mwenyewe na wazee wa upande wa bwana harusi, shavu limejaa, koo linacheza, chumvi imekosa. Watu wakapakuliwa.

Kikohozi cha kwanza kilitoka kwa mjomba wa bwana harusi. Tukadhani pilipili. Cha pili kikatoka kwa wanawake. Kisha mkeka mzima ukaanza, huyu anaanza yule anapokea, mashehe wanakohoa, watoto wanakohoa, mtu wa kipaza sauti anakohoa ndani ya kipaza sauti. Bibi harusi alikohoa mpaka rangi ya usoni, sijui iliitwa nini ile waliyompaka, ikachuruzika na machozi. Mzee Sefu akanijia na sahani mkononi.

"Mama Riziki," akasema, akisafisha koo, "hii sombe yako iko na makucha. Inatunyonga batu yote. We uliimeza namna gani, ukanyamaza?"

Nilikwenda nyuma ya turubai, na Mama Goreti akanifuata. Alikuwa na kijiko. Akachota, akameza mbele yangu, akangoja, akashika koo lake.

"Yaya, hii mafuta iliharibika," akasema. "Inakwaruza. Mutu akimeza anajua palepale. Sasa weye hukumeza."

Nikaangalia chini. Chini palikuwa na tonge langu, limelala kwenye vumbi, na kuku wawili walikuwa wamelisogelea, wamelionja, wamelikataa.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu Idi ya mwaka juzi."

"Ju ya nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, Goreti? Kama minaogopa chakula yangu?"

Akaweka kijiko. Nilitegemea anikaripie, maana alikuwa na haki. Akanifunga kitenge changu vizuri, kilichozunguka mara mbili, akasema kesho tunakwenda kliniki, na nikikataa atawaambia watu wote kwamba sombe ile ya kukohoa niliitia karanga kwa mkono wangu mwenyewe. Ndiyo vitisho vya rafiki. Nililia, si kwa maumivu. Nililia kwa sababu miaka miwili nilikuwa peke yangu na jambo hili, na sasa tulikuwa wawili.

Kliniki ya kambi ikatutuma hospitali ya Dowa. Dowa wakanipaka tumboni kitu baridi, wakapitisha mashine, wakasema ni mawe, yako kwenye mfuko wa nyongo. Nilipoelezwa nikaanza kucheka, yule dada wa mashine akadhani nimechanganyikiwa. Nyongo. Kuku wangu wote wale walikuwa wamekaa pamoja wakashauriana, wakanitumia salamu.

Miezi ikapita tukingoja zamu, kisha Lilongwe wakaniita. Hospitali siitaji, waliokuwepo wanaijua, wema wao pia. Daktari alikuwa kijana mrefu mwenye sauti ya polepole. Anaongea Kichewa na Kiingereza, mimi Kichewa changu ni cha kununulia nyanya tu, lakini Mama Goreti ameuza sokoni miaka mingi na anakijua mpaka matusi. Akawa mkalimani. Mimi niliogopa vibaya. Kwetu nilimwona mtu aliyefanyiwa operasio, kovu lilitoka kifuani likashuka mpaka kwenye kitovu, na tangu siku ile alitembea ameinama.

"Anasema hatakukata hivyo," Mama Goreti akasema. "Atatoboa matundu mine, madogo. Moja pa kitovu, ingine tatu huku na huku. Anaingiza kamera, anaona ndani mu televizio, anaitoa nyongo yote mu katundu."

"Yote?"

"Yote. Anasema mutu anaishi bila yake. Anakula, anakunywa, anazeeka."

Nikamtazama yule kijana vidole. Vilikuwa virefu, vimetulia. Moyo ukanitulia kidogo, lakini ni lazima mpishi aseme lake.

"Muambie asivute. Apitishe vidole nyuma ya ini. Akate na kipande."

Mama Goreti akasema. Daktari akatabasamu, akajibu maneno marefu.

"Anasema ini yako atakuachia yote. Lakini anasema uko na haki, mutu akivuta inamwagika. Anasema mwalimu wake njo alimufundisha vile."

"Muambie tena, kwetu anayepasua nyongo anakula kuku muzima peke yake."

Alipotafsiri hilo, daktari akacheka mpaka akaweka karatasi chini, na nesi akacheka, na mama wa kitanda cha pili, aliyekuwa amejifunika shuka kichwani akiomboleza mguu wake, shuka likaanza kutetemeka. Nikaingia chumba cha kupasuliwa nikiwa na hofu iliyopungua nusu.

Nilipozinduka, kitu kilichoniuma zaidi ni bega. Nikafikiri wamekosea mahali. Kumbe wanalijaza tumbo hewa ili wapate nafasi ya kufanyia kazi, na hewa inayobaki inapanda bega kabla haijatoka. Ikitoka, wanangu, inatoka kwa njia yake yenyewe, na wodi nzima inakupongeza. Tumboni nilikuta viraka vinne, vidogo kiasi cha kufunikwa na kidole gumba. Nikavihesabu mara tatu. Daktari akaniletea kichupa chenye mawe matano ya kahawia, ukubwa wa kunde.

"Muulize yanalowekwa siku ngapi," nikamwambia Mama Goreti.

Hapa Malawi mgonjwa haendi hospitali peke yake. Anakwenda na gadiani wake, mtu wa kumhudumia, na nje kuna jiko la magadiani wote, moto mmoja huku, mwingine kule. Kwa hiyo mchana nilikuwa nimelala dirishani nasoma chakula cha watu kwa pua: nsima hiyo, ugali wao, usipa huyo, dagaa wa ziwani, anakaangwa, yule anaunguza vitunguu na hajui. Mate yakanijaa mdomoni. Nikashtuka. Mate ya hamu sikuwa nimeyaona miaka miwili, nilikuwa nimesahau kwamba yanakuja yenyewe.

Mama Goreti akaingia na bakuli. Uji mwepesi wa mahindi, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, sukari kidogo. Akainua kichwa changu, akanipa kijiko. Nikameza. Uji ukapita, ukashuka, ukafika, ukakaa. Hakuna aliyenibana. Nikaangalia dari nikatambua kwamba tangu Mama Salima hakuna mtu aliyewahi kunipikia mimi, nikalishwa, bila mimi kushika mwiko.

"Imekosa nini?" Mama Goreti akauliza, uso mkavu kabisa.

Hapo nikacheka, na hapo nikajua kwamba mtu aliyetobolewa matundu manne hatakiwi kucheka. Kila tundu lilicheka kivyake. Nikamwomba mto. Nawafundisha na hili: mto unaukumbatia tumboni kwa nguvu, ndipo unacheka au unakohoa juu yake. Nikaukumbatia.

"Imekosa weye kunyamaza," nikasema, na wote wawili tukaanza tena, nesi akaja kumtoa nje gadiani wangu kwa kosa la kumchekesha mgonjwa.

Siku iliyofuata walituruhusu. Kutoka lami hadi nyumbani ilibidi kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, na kijana wake akataka kupanda akanyage kama kawaida yake. Mama Goreti akasimama mbele ya gurudumu. Akamweleza kwa Kichewa kirefu kwamba nyuma ya baiskeli kuna mama mwenye matundu manne mapya, na kila shimo la barabara atalilipia yeye mbinguni. Kijana akashuka, akaisukuma kwa miguu njia nzima. "Pang'ono pang'ono, amayi," yaani polepole, mama, anasema kila baada ya kokoto, na mimi juu, nimekumbatia mto, nasalimia watu kwa mkono kama mgeni wa serikali.

Daktari alisema mambo mawili: nisinyanyue kitu kizito wiki sita, na mafuta niyarudie kidogo kidogo, nisiyavamie. Sufuria ya harusi ni kitu kizito, kwa hiyo kazi akaishika Mama Goreti. Nilidhani nitaumia kwa wivu. Nilikuwa na shughuli nyingi mno. Nilikuwa nakula.

Ndizi mbivu. Wali na dengu, uliolainika. Usipa wa kuchemsha na nyanya. Yai la kwanza nilikaa nalo asubuhi nzima, nalitazama, linanitazama, hatimaye nikalila, nikalala chali kungoja adhabu. Nikangoja, nikasikia mpaka kengele ya shule, adhabu haikuja, nikaamka nikala la pili. Siku ya kurudi Lilongwe kuonyesha vidonda tulipita sokoni Mchesi, nikaona sambusa zinatoka kwenye mafuta. Nikala moja nimesimama. Mama Goreti akanishika mkono kwenye ya tatu, akaniambia neno la daktari lilikuwa kidogo kidogo. Nikamwambia nakula kidogo kidogo, moja baada ya nyingine. Nilikuwa nafurahi kiasi cha kuona aibu. Mtu mzima, mjane, bibi wa wajukuu, nimesimama sokoni na mafuta kidevuni, nacheka peke yangu.

Kitu kimoja tu sikugusa, mawese. Kilikuwa ndicho cha kwanza kunikunja, na niliona kwamba nikiyajaribu yakanikunja tena, basi yote yale, yai, sambusa, yalikuwa bahati ya siku chache. Vidonda vilipona, wiki sita zikapita, zikapita na nyingine. Mawese nikayaacha kwenye dumu. Nilisema sina hamu. Nilikuwa na hamu mpaka naota.

Kisha Mzee Sefu akapiga hodi. Binti yake wa pili alikuwa anaolewa.

"Mi sikukuja kugombana," akasema, akikaa. "Goreti apike. Lakini sufuria, we njo utaifungua, Mama Riziki. Mbele ya balebale batu walikohoa. Na umeze. Mi nitakuwa karibu, nione."

Haki yake. Nikakubali, na tangu alipotoka mpaka siku ya harusi sikulala vizuri.

Siku ilipofika nilikuta sufuria tatu, zilezile. Mkeka uleule. Yule mjomba wa kikohozi alikuwa mstari wa mbele, amejiwekea kikombe cha maji kabisa. Mzee Sefu akasogea mpaka nikasikia pumzi yake. Mama Goreti akafunua kifuniko, na nikajua kwa pua kabla sijaona: karanga. Unga wa karanga, kwenye sombe, kwenye harusi ya watu wa Kindu. Nikamtazama. Akatazama juu mbinguni kwao Makamba.

Nikafinyanga tonge la bugali, nikachovya. Mawese yakateremka mpaka kwenye kiwiko cha mkono, mekundu, ya moto. Nikatia mdomoni. Shavu langu likajua kazi yake, likajiandaa kulipokea tonge na kulificha, nikalikatalia. Nikatafuna. Nikameza.

Nikahesabu mpaka kumi. Koo likakaa kimya. Mawese mazuri. Nikahesabu tena kumi, hiyo ikiwa yangu mwenyewe, nikisikiliza chini ya mbavu za kulia, mjomba kashika kikombe. Chini ya mbavu hapakuwa na mtu. Palikuwa na joto tu la chakula kikishuka, na majani, na samaki, na zile karanga, zimelainisha kila kitu, ni tamu, sijui kwa nini nilizikataa miaka yote ile. Machozi yakanitoka na sikuyafuta, mikono ilikuwa na mafuta.

"Yaya," Mama Goreti akauliza, sauti yake ndogo, "imekosa nini?"

Nikatafuta. Wallahi nilitafuta, kama Mama Salima alivyonifundisha. Chumvi ilitosha. Moto ulitosha. Pilipili ilikuja kwa wakati wake. Nikavua aproni yangu, nikamfunga yeye kiunoni, nikavua na viatu, nikakanyaga mkeka, mjomba akasogea kunipa nafasi.

"Imekosa sahani yangu," nikasema, nikakaa.